Udongo wa kiwanjani, mbao kuukuu na chupa za plastiki: kipi kijenge nini?

Mchora_Ramani

Wakuu, naomba ushauri kabla kazi haijaanza. Kinajengwa chumba kimoja cha karakana na mafunzo, ndani mita 4 kwa 6, kuta mita 2.4 hadi kwenye lenta, milango miwili na madirisha manne. Nia ni kutumia vilivyopo kiwanjani na kupunguza saruji kadiri inavyowezekana bila kudanganyana kuhusu uimara.

Vilivyopo: lundo kubwa la udongo mwekundu uliochimbwa kwa ajili ya tangi la maji la chini ya ardhi, kifusi cha zege na matofali ya jengo lililobomolewa, mbao kuukuu za kenchi, paleti nyingi, mabati yaliyokwisha kutumika, mianzi inayoota karibu, na magunia ya chupa za plastiki za lita 1.5.

Maswali: udongo huu utafaa kwa tofali za kushindilia na nitajuaje? Chupa zikijazwa mchanga zinaweza kuwa ukuta unaobeba paa? Mbao na paleti zikaguliwe vipi? Na nje nipige lipu ya nini?

---

Tofali_Bichi

Mkuu, anza na udongo, maana ndio utakaoamua mengine yote.

Tupa tabaka la juu. Udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hautoi tofali hata ukiutia saruji mara mbili, kwa sababu mboji huizuia saruji kushika. Ukishuka nusu mita hivi kwa kawaida unakuwa umelipita, lakini usitegemee kina peke yake. Lowanisha konzi moja, ipashe moto kidogo, inuse. Ikinuka uozo, udongo huo ni wa bustani.

Kisha kipimo cha chupa. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo hadi theluthi, jaza maji, ongeza chumvi kidogo ili mfinyanzi uachane na mchanga. Tikisa sana, acha saa moja, tikisa tena, kisha usiiguse mpaka kesho yake. Mchanga na changarawe hulala chini karibu papo hapo, tope laini hufuata ndani ya nusu saa hivi, mfinyanzi hukaa juu kabisa. Unatafuta mchanga na changarawe ndogo zaidi ya nusu, na mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 25. Mfinyanzi ukiwa majini huvimba, kwa hiyo chupa huonyesha mwingi kuliko uliopo. Ichukulie kama dokezo tu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha sanduku. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na mfuniko, ndani urefu sm 60, upana sm 4, kina sm 4. Lipake mafuta ndani udongo usigande. Chekecha udongo, uloweshe mpaka uwe laini kama wa kufinyangia, ujaze ukibonyeza vizuri kwenye pembe, sawazisha juu. Anika juani siku 3 au kivulini siku 7. Ukikauka utakuwa umesinyaa na pengine umekatika vipande. Sukuma vipande vyote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Kwa mashine ya mkono hesabu iliyozoeleka, kwa ujazo, ni hii: pengo chini ya mm 15, saruji 1 kwa udongo 18, mm 15 hadi 30, 1 kwa 16, mm 30 hadi 45, 1 kwa 14, mm 45 hadi 60, 1 kwa 12. Likizidi mm 60 usiongeze saruji. Tafuta mchanga wa kuchanganya, au hamia kwenye chokaa.

Mashine ya mkono ya kushindilia tofali ya mtindo wa CINVA-Ram, iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, hutoa tofali la sm 29 × 14 × 9. Likikauka lina uzito wa kilo 7 hivi. Ukitoa milango na madirisha una takriban mita za mraba 40 za ukuta. Mita moja ya mraba hula tofali 33 zikipangwa kwa unene wa sm 14, hivyo ni kama 1,320, na ukiongeza za kuvunjika fanya 1,450. Kwa uwiano wa 1 kwa 18 mfuko wa kilo 50 hutoa tofali 119 hivi, yaani mifuko 12 hadi 13 kwa kuta zote. Udongo mkavu uliochekechwa utahitaji mita za ujazo kama 8.

Sasa kazi yenyewe. Chekecha kwa wavu wa matundu ya mm 5 hadi 6. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja kila mahali. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanamwaga maji mapema na saruji inabaki mabonge. Kisha nyunyiza maji kwa keni yenye kichwa cha matundu, usimwage kwa ndoo. Kujua kama maji yametosha, finyanga donge mkononi, liachie lidondoke kutoka urefu wa mita moja kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, sawa. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi, na tofali litaganda kwenye kalibu na kusinyaa baadaye. Likisambaratika kuwa unga, maji hayajatosha.

Changanya kiasi cha kuisha ndani ya dakika 45. Kwa watu wanne wenye mashine moja hiyo ni robo mfuko wa saruji na ndoo 8 za lita 20 za udongo. Mchanganyiko uliokaa saa mbili usiufufue kwa maji. Saruji imeshaanza kushika, na tofali litakalotoka litaonekana zima lakini litamomonyoka kwa kucha.

Kiasi cha udongo kinachoingia kwenye kalibu kiwe kilekile kila mara. Tengeneza kopo la kipimo. Mpini ukishuka kwa urahisi, umetia kidogo. Wakining'inia watu wawili ndipo ushuke, umezidisha.

Halafu uangalizi, ambao unapaswa kusimamiwa kwa ukali kuliko uchanganyaji. Siku ya kwanza tofali zilale moja moja kivulini juu ya mbao au nailoni, zimefunikwa. Kuanzia siku ya pili unaweza kuzipanga hadi kozi tano. Zifunike kwa nailoni na kuzinyunyizia maji siku 7 mfululizo, kisha ziache zikauke polepole mpaka zitimize siku 28. Tofali lililokaushwa juani siku ya kwanza hupoteza maji ambayo saruji iliyahitaji, na hakuna namna ya kuyarudisha.

---

Mkadiriaji

Nijibu la chupa kwa hesabu, kwa sababu hapo nia njema huishia kwenye saruji nyingi zaidi.

Chupa ya lita 1.5 ina kipenyo cha sm 8.5 na urefu wa sm 32 hivi. Ukizilaza, unene wa ukuta ni huo urefu. Ukizipanga kwa mtindo wa kupishana, katikati ya chupa moja hadi nyingine sm 10, chupa hujaza asilimia 65 tu ya uso wa ukuta. Asilimia 35 iliyobaki ni mota. Zidisha kwa unene wa sm 32: kila mita ya mraba inameza mota mita za ujazo 0.11. Ukuta wa tofali alizoeleza Tofali_Bichi, wenye viungo vya sm 1, unatumia mita za ujazo 0.018. Yaani chupa zinakula mota mara sita.

Geuza sasa iwe saruji. Mota ya 1 kwa 6 ina saruji kilo 240 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ukuta wa chupa ni kilo 25 hadi 28 za saruji kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa tofali una kilo 14 ndani ya tofali zenyewe na kilo 4 hivi kwenye viungo, jumla 18. Anayetaka kupunguza saruji kwa kujenga kwa chupa ameiongeza kwa karibu nusu. Na saruji ndiyo tunayoikimbia: chokaa mawe huchomwa kwenye tanuru inayofika karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa haitoki kwenye kuni wala makaa bali kwenye jiwe lenyewe linapovunjika kikemia. Hata tanuru ingewashwa kwa jua, hiyo ingetoka.

Kuna uimara pia. Plastiki ya chupa za maji hulegea kuanzia nyuzi 75 hivi, na ikikaa juani hukauka na kupasuka. Uso wake ni laini, mota haiung'ang'anii. Na kujaza chupa moja mpaka isibonyee ni kazi ndefu. Mchanga ulioshindiliwa nusu hukaa chini baada ya muda na chupa inabaki na uwazi juu.

Kwa hiyo hapana, zisibebe paa.

---

Kijani_Daima

Mkadiriaji, hesabu yako inachukulia kwamba mota ni ya saruji. Ikiwa mota ni udongo uliochanganywa na nyasi, saruji ni sifuri, na chupa hazijaenda dampo. Hilo halina uzito?

---

Mkadiriaji

Lina uzito, ndugu, lakini tazama kinachobaki. Udongo ukikauka husinyaa, chupa haisinyai, kwa hiyo kila chupa inazungukwa na ufa mwembamba. Ukuta wa udongo na nyasi wa sm 32 usio na chupa hata moja ungesimama vizuri zaidi peke yake. Chupa hapo zimeongeza kazi na kupunguza nguvu.

Zitumie pasipo na mzigo wala moto: benchi la nje lililofunikwa kwa udongo na lipu ya chokaa, kingo za bustani zilizozikwa nusu, au kujazia chini ya jukwaa. Zinazobaki zipelekwe kwa wanaozisaga; plastiki ya aina moja iliyo safi ina thamani kubwa zaidi ikirudi kuwa malighafi kuliko ikizikwa ukutani imechafuka kwa mota.

---

Randa

Upande wa mbao.

Pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila ubao kabla msumeno haujaugusa. Misumari iliyokatika vichwa haionekani kwa macho, nayo huua meno ya msumeno na inaweza kurusha kipande usoni. Toboa kwa bisibisi kali kila sm 30, hasa ncha zilizokuwa zimekaa ukutani na sehemu zilizoshikana na bati. Bisibisi ikizama zaidi ya mm 5 bila nguvu, kata sehemu hiyo na sm 30 zaidi, maana uozo hutangulia mbele ya pale unapoonekana. Vitobo vidogo vyenye unga mpya mweupe chini yake maana yake fukusi bado wamo. Vitobo vikavu visivyo na unga ni vya zamani. Gonga ubao, ukisikika mtupu usiutumie kubeba.

Mbao za kenchi zenye mikato ya viungo vya awali zisirudi kuwa kenchi isipokuwa mkato uangukie karibu na ncha. Mkato katikati ya ubao, upande wa chini, ndipo ubao unapovutwa zaidi, na ndipo utakapokatikia. Mbao hizo zigeuze kuwa papi fupi, fremu za madirisha, rafu, meza. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu: rangi nyingi za miongo iliyopita zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto zaidi ya yeyote. Ilowanishe uikwangue ukiwa na barakoa, au geuza upande huo uelekee ukutani.

Paleti zinasomeka. Tafuta muhuri uliochomwa wenye alama ya shuhe la ngano. Herufi HT maana yake mbao zimepashwa moto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Hizo ni salama. MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, ziache. Isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na harufu ya kemikali, usiiingize ndani. Usizitarajie kubeba paa kwa vyovyote. Ubao wa paleti una unene wa mm 15 hadi 22 na umetobolewa misumari kila ncha, hivyo unafaa dari, milango ya kabati na ukuta wa kugawa. Usizing'oe kwa nyundo, utapasua nusu yake. Kata misumari kati ya mbao mbili kwa msumeno wa chuma.

Mianzi iwe ya miaka 3 hadi 5. Mwanzi mchanga wa mwaka mmoja una sukari nyingi na husinyaa, na sukari ndiyo inayowaita fukusi. Toboa vifundo vyote vya ndani kwa nondo ndefu, kisha uzamishe kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki. Kwa lita 100 za maji weka boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2. Pasha sehemu ya maji ili ziyeyuke. Acha siku 7 hadi 14, anika kivulini ukiwa umesimamishwa. Dawa hii huoshwa na maji, kwa hiyo mwanzi uliotibiwa hivi ukinyeshewa umerudi kuwa mwanzi mbichi. Uweke chini ya paa, na miguu yake ikae juu ya jiwe au zege, usiuzike ardhini.

Oili chafu ya injini msiipake, wakuu. Inaacha sumu kwenye udongo na kwenye mikono, haiingii ndani ya mbao, na mchwa huipita kwa kujenga njia juu yake.

---

Chokaa_na_Mchanga

Jengo la udongo haliuawi na mzigo, linauawa na maji, na hayo huja kwa njia tatu: kutoka chini, kwa kurushwa pembeni, na kutoka juu.

Chini: kifusi chako kina kazi hapo. Chimba mtaro upana sm 45 mpaka ufike udongo mgumu usiobonyea, jaza vipande vya zege vya ukubwa wa ngumi kwa tabaka za sm 15, shindilia kila tabaka. Lakini kwanza kichambue. Ondoa jasi yote, yaani vipande vya dari nyeupe na lipu laini inayokwaruzika kwa kucha. Jasi ikikaa kwenye unyevu pamoja na saruji hutengeneza chumvi zinazovimba, na msingi hupasuka polepole bila mtu kuelewa chanzo. Ondoa pia mbao na udongo mwepesi. Juu ya mtaro jenga kwa mawe au tofali nzima za kuchoma ulizookoa mpaka sm 30 juu ya ardhi, sm 45 kama maji hutuama hapo. Hapo ndipo saruji inastahili kutumika bila kuonewa choyo.

Juu ya msingi huo tandaza nailoni nene ya mikroni 250, upana wote wa ukuta, ikipishana sm 15 kwenye maungio. Hii nunua mpya. Nailoni iliyokwishatumika ina vitundu, na kitundu kimoja kinatosha kulowesha kozi mbili za tofali.

Pembeni: matone yanayodondoka kutoka paani hugonga ardhi na kuruka ukutani. Upenu uwe sm 75 au zaidi, na chini ya mstari wa matone weka changarawe upana sm 60 ili maji yanyonywe badala ya kuruka.

Lipu sasa. Usipige lipu ya saruji juu ya udongo usio na saruji, na hata juu ya tofali zenye saruji kidogo usiiweke nzito. Saruji haitanuki na kusinyaa pamoja na udongo, kwa hiyo huachana nao. Unyevu ulioingia kwenye ufa hauna pa kutokea, na ukuta unageuka tope nyuma ya ganda gumu. Siku ganda likianguka linashuka na sm 2 za ukuta. Tofali zilizotoka vizuri hazihitaji lipu nje kabisa. Ukitaka rangi na kinga, piga chokaa ya maji, mikono mitatu hadi mitano myembamba kama maziwa, kila mmoja baada ya ule wa kwanza kukauka, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji kwanza. Mkono mzito hubambuka.

Ukitaka lipu kamili, tumia chokaa iliyozimwa 1 kwa mchanga mkali 3, tabaka zisizozidi mm 10, ukizilowanisha na kuzifunika siku kadhaa. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ukaa, haina haraka, na ikikauka ghafla hubaki unga. Vaa miwani na glavu: chokaa huunguza macho vibaya.

Ndani, lipu ya udongo inatosha: udongo uliochekechwa 1, mchanga 2 hadi 3, nyasi kavu zilizokatwa sm 2 hadi 3. Piga vipande vinne vya majaribio ukutani vyenye viwango tofauti vya mchanga, vikauke, kisha uvisugue. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachoacha vumbi mkononi kina mchanga mwingi.

Mota ya kujengea isiwe ngumu kuliko tofali. Saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Ukuta ukitikisika, ufa ufuate kiungo, usikate tofali. Lowanisha tofali kabla ya kupanga, la sivyo zitanyonya maji ya mota.

---

Upenu

Nikazie tatu ambazo bado.

Ukuta wa sm 14 wenye urefu wa mita 6 ni mwembamba kusimama peke yake. Katikati yake jenga nguzo ya tofali sm 29 kwa 29 iliyofungamana na ukuta, na zungusha lenta juu ya kuta zote bila kukatika: sm 14 kwa 15, nondo nne za mm 10, ringi za mm 6 kila sm 20. Mkipenda kuepuka kazi hiyo ya nguzo, pangeni tofali kwa ulalo wa sm 29, lakini idadi ya tofali inaongezeka maradufu. Mhandisi apitishe michoro, hasa kama ardhi ya hapo hutetemeka.

Mabati kuukuu yafungwe kwa skrubu zenye mpira kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde maji yanapopita. Ncha ndizo huwa na kutu na matundu mengi, zikate sm 20 kila upande. Pishanisha migongo miwili pembeni na sm 20 kwa urefu. Kama kati ya mabati kuna karatasi ngumu za kijivu za nyuzi zilizoshikana na saruji, huenda ni za asbesto. Msizikate, msizitoboe, msizivunje. Waiteni wenye vifaa vya kuziondoa.

Bati tupu juu ya chumba cha mafunzo litawachoma watu. Francis Kéré, aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, aliweka dari ya tofali za udongo na kuliinua paa la bati juu yake kwa fremu nyepesi za nondo, hewa ikapita katikati. Kwa chumba chenu dari ya mbao za paleti yenye tabaka la udongo na nyasi juu yake, na uwazi wa sm 30 chini ya bati, inafanya kazi hiyohiyo. Paa lililoinuliwa hushikwa na upepo, kwa hiyo fungeni kila kenchi kwa waya wa mm 4 uliopitishwa chini ya lenta kabla zege halijamwagwa.

---

Mchora_Ramani

Shukrani kubwa wakuu. Chupa nimeziondoa ukutani, zitaenda kwenye benchi na kwa wasagaji. Majibu ya udongo: kwenye chupa ya kioo mchanga ni kama asilimia 45, mfinyanzi 32, iliyobaki tope laini. Kwenye sanduku pengo ni mm 38. Tofali_Bichi, nitumie 1 kwa 14 moja kwa moja, au niongeze mchanga? Mchanga wa mtoni unatoka mbali kwa lori.

---

Tofali_Bichi

Usiende 1 kwa 14, mkuu. Saruji inaongeza nguvu lakini haimwondolei mfinyanzi tabia ya kusinyaa. Utapata tofali gumu lenye nyufa nyembamba pembeni, na maji yatapitia hapo. Na kwa tofali 1,450 utatumia mifuko 15 hadi 16, wakati kwa 1 kwa 16 ni 13 hadi 14.

Mchanga unao tayari, umo kwenye kifusi. Vipande vidogo vya zege na tofali za kuchoma, vilivyoondolewa jasi kama alivyoeleza Chokaa_na_Mchanga, viponde na uvichekeche kwa wavu wa mm 5. Kinachopita ndicho mchanga wako. Punje zake zina pembe kali, zinashikana vizuri kuliko za mtoni zilizolainishwa na maji, ila zinakunywa maji zaidi, kwa hiyo donge la kudondosha lifanye upya kwa kila mchanganyiko. Vumbi laini kama unga lisizidi, maana linafanya kazi ya tope.

Anza na kifusi kilichochekechwa 1 kwa udongo 3 kwa ujazo, rudia sanduku. Pengo likishuka chini ya mm 30, fanya kazi kwa 1 kwa 16: robo mfuko wa saruji, ndoo 7 za mchanganyiko. Likibaki juu ya hapo, nenda kifusi 1 kwa udongo 2. Kuponda ni kazi, sikatai. Unahitaji takriban mita 2 za ujazo kwa kuta zote. Bado ni nafuu kuliko lori.

Kama kifusi safi hakitatosha, njia ya pili ni chokaa iliyozimwa asilimia 8 badala ya saruji, kwa sababu chokaa hufanya kazi vizuri na mfinyanzi mwingi. Hapo changanya, lowanisha, funika siku nzima ndipo ushindilie. Mziache zikomae wiki sita badala ya nne. Msichanganye ratiba hizo mbili katika lundo moja.

Kabla ya kutengeneza zote, toa tofali 10 za majaribio kutoka kwenye mchanganyiko utakaouchagua. Zikitimiza siku 28, au wiki sita kama ni za chokaa, zamisha tatu majini kwa saa 24. Zikitoka, kwaruza pembe kwa msumari: alama nyembamba ni sawa, pembe ikimeguka kwa kidole rudi kwenye uwiano au kwenye uangalizi wa siku 7. Kisha lilaze tofali moja lililolowa juu ya mbili zilizosimama zikiwa zimeachana sm 20, mtu mzima asimame katikati yake. Likikatika likiwa limelowa, msianze ujenzi na mchanganyiko huo.